Bakuli la Jirani



Leo sikukusudia kukuandikia juu ya hitilafu za wanavyuoni, wala juu ya mambo makubwa yanayozungumzwa katika mimbari. Nataka kukuhadithia habari ya bakuli moja la bati, jeupe, lenye maua mekundu ubavuni, lililoletwa mlangoni pangu na ajuza mmoja wa Kifipa katika mwaka 1988. Habari hii ina aibu yangu ndani yake. Nimeificha miaka mingi, maana mwalimu hapendi wanafunzi wake waijue siku aliposhindwa na somo ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilisomesha. Lakini sasa umri wangu umepita sitini, na mtu akifika hapo huanza kuhesabu madeni yake. Basi afadhali niiseme kwa ulimi wangu, huenda wewe ukanufaika nayo kabla hujatumbukia nilipotumbukia mimi.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nimezaliwa huko, nikasoma chuoni huko tangu Alifu mpaka nikahitimu Kurani, kisha nikakaa mbele ya masheikh nikasoma nahau na fiqhi ya Imamu Shafi. Nilipokuwa na miaka 27, wazee waliniambia kuwa Waislamu wa Sumbawanga wanataka mwalimu wa kusomesha watoto wao, nami nikakubali. Nikaondoka siku chache baada ya Idi ya Mfunguo Mosi, mwezi Mei 1988, pamoja na mke wangu na mtoto wetu wa kwanza ambaye alikuwa bado ananyonya. Tulichukua gari moshi la TAZARA kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya, kisha tukapanda lori. Kutoka Tunduma mpaka Sumbawanga ni mwendo wa yapata kilomita 230. Leo ni barabara ya lami, lakini siku zile ilikuwa ya udongo mtupu, na tulipofika hukuweza kutambua nywele za nani nyeusi na za nani zimeota mvi, kwa vumbi.

Wewe unayekaa pwani yafaa nikueleze kidogo nchi hii ilivyo. Ufipa ni uwanda ulioinuka baina ya maziwa mawili: Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko juu sana, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai baridi yake humfanya mtu wa pwani asali Alfajiri huku meno yakigongana. Mvua ni za msimu mmoja tu, huanza Novemba zikaishia Aprili. Huku hakuna mnazi, wala mwembe wa kujivunia, wala samaki wa bahari. Kuna mahindi, maharagwe, ulezi, ngano, alizeti, viazi na maboga. Wenyeji husema kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Mgeni akiingia huambiwa ayaache mabaya yake nje ya mji. Mimi niliposikia hayo nilicheka, nikasema sina uchawi wa kutupa. Sikujua kwamba nilikuja na kitu kingine kilichostahili kutupwa, nacho ni kibri.

Tulipewa nyumba ya matofali pembeni mwa mji, na nyuma yake palikuwa na kiwanja kikubwa chenye majani. Jirani wa upande wa kuume alikuwa mwanamke mzee, mjane, Mkristo kama walivyo watu wengi wa Ufipa, anayeishi na wajukuu watatu. Siku ya tatu tangu tufike, alikuja na lile bakuli kichwani. Ndani yake mlikuwa na maharagwe mapya yaliyotoka kuvunwa na vipande vya boga. Akampa mke wangu mikono miwili, akapiga goti kidogo kama desturi ya huko, akasema, "Karibuni. Ni kidogo tu, kutoka shambani."

Niliporudi kutoka kusomesha nikakuta mke wangu anachambua maharagwe kwa furaha. Nikamwuliza yametoka wapi, akaniambia. Basi, ndugu msomaji, nikakunja uso. Nikaanza kusema habari za vyombo vya watu tusiowajua, na vyungu vya pombe, na kadhalika. Mke wangu akanitazama, akaniuliza, "Mwalimu, maharagwe mabichi nayo yana shaka?"

Nami nilijua hayana shaka. Nilijua kabisa kuwa nafaka na mboga itokayo ardhini ni halali, kailima Mwislamu au asiye Mwislamu. Hilo hata mtoto wa chuoni analijua. Jambo lililonichoma halikuwa fiqhi. Jambo lililonichoma ni kwamba mimi, mwalimu, niliyekuja kuwapa watu elimu, nimeanza kwa kupokea, tena kutoka kwa ajuza mjane. Nikaona nimekuwa mdaiwa. Na mtu mwenye kibri hapendi kudaiwa, hata wema. Basi nikatia noti katika lile bakuli, nikamwambia mke wangu alirudishe jioni ile ile. Mke wangu akasema, "Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, lakini sijaona likirudi na fedha." Nikamwambia afanye nilivyosema.

Asubuhi yake yule bibi akaja. Nilikuwa ukumbini. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi," naye akaitika, "Marahaba, mwanangu." Kisha akanyosha mkono, ile noti imo ndani, imekunjwa vizuri. Akasema kwa sauti ya upole, "Mwanangu, fedha yako imeangukia katika bakuli langu. Nimeona nikurudishie, usije ukaitafuta."

Akaniwekea mkononi, akaenda zake. Mimi kwa upumbavu wangu nikaona jambo limekwisha salama. Sikutambua kwamba mwanamke yule, asiyejua kusoma, alikuwa amenisitiri. Alijua kuwa ile fedha haikuanguka. Lakini hakutaka kunitia aibu mbele ya mke wangu, akatafuta neno la kunifunika. Adabu kama hiyo sisi tunaisoma vitabuni miaka mingi, na wengine wetu hatuipati.

Tangu siku ile bakuli halikuja tena. Tukawa tunaamkiana uani, basi.

Ikapita miezi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na posho ya mwalimu wa madrasa ilinifundisha maana yake upesi. Nikalima kiwanja cha nyuma. Nikapanda kabichi, viazi na mboga za majani, na mvua za Novemba zilipoanza, ardhi ile iliyokaa bila kulimwa ikatoa kwa wingi nisioweza kukueleza. Kufika Januari ya mwaka 1989 kabichi zilikuwa kubwa kama ngoma. Nikamwuzia mchuuzi wa sokoni. Alipokuja mara ya pili akachagua nzuri nzuri, akaacha nyingine. Kwa wiki mbili zile kila mtu mwenye bustani alikuwa na kabichi, na bei ikawa si bei. Zilizobaki zikapasuka kwa mvua, nyingine zikaoza. Nikawa nikizing'oa na kuzitupa nyuma ya ua, penye jaa.

Sasa yafaa ujue jambo moja juu ya Ufipa. Wakati huo wa Januari na Februari, shamba ni kijani kibichi kila upande, na mgeni hudhani kuwa nchi imeshiba. Lakini kumbe ndio wakati wa njaa. Mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha ghalani, na mapya hayajakomaa. Mwenye kaya kubwa na mikono michache hupunguza milo. Na yule bibi jirani yangu alikuwa na vinywa vinne na mikono miwili iliyozeeka.

Wiki ile darasani nilikuwa nikiwasomesha watoto Suratul Maa'uun. Ni sura fupi, ya 107, nayo ina aya saba tu, na karibu kila Mwislamu anaijua kwa moyo. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hiyo maa'uun yenyewe ni nini?" Nikamfafanulia vizuri. Nikamwambia kuwa wafasiri wameieleza kuwa ni vitu vidogo vidogo ambavyo majirani husaidiana na kuazimana: chungu, shoka, ndoo, chumvi, moto. Nikamwambia kuwa Mwenyezi Mungu (S.W.T.) katika sura hiyo amewaunganisha mahali pamoja mtu anayemsukuma yatima, na anayesali kwa kujionyesha, na anayewanyima watu vitu hivyo vidogo, na kwamba onyo lake ni kali. Watoto wakanisikiliza. Nikajiona nimesomesha.

Nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Na penye jaa nikamkuta mjukuu wa yule bibi, binti wa miaka kama minane, amechutama. Alikuwa akichambua zile kabichi nilizotupa, akitenga majani yasiyooza, akiyaweka katika lile bakuli jeupe lenye maua mekundu.

Aliponiona akashtuka, akasimama, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nami nikashindwa kuitika. Wallahi, ndugu msomaji, sauti haikutoka.

Nikaingia ndani nikaketi. Nikamweleza mke wangu. Nikamwuliza, "Kwa nini bibi hakuja kuomba? Ukuta wetu na wake ni mmoja!" Mke wangu akaniambia neno ambalo mpaka leo nalikumbuka. Alisema, "Angekujaje? Alipotuletea zawadi ulimlipa. Aliyelipwa fedha kwa zawadi yake anajua kuwa katika nyumba ile hakuna kitu cha bure. Wewe ndiye uliyemfungia mlango, tena siku ya tatu."

Basi fikiri. Mimi nilidhani nimejiepusha na deni. Kumbe kwa noti ile moja nilikata njia ya pande zote mbili: yeye asinipe mimi, na asiweze kuniomba. Chakula kikaoza upande mmoja wa ukuta, na njaa ikakaa upande wa pili, na baina yao hapakuwa na kitu ila kibri cha mtu aliyesoma.

Nikainuka nikakata kabichi nzuri nzuri, nikajaza kikapu, nikataka kwenda kugonga. Mke wangu akanizuia. Akasema, "Ukienda hivyo utampelekea sadaka, naye si maskini wa kupewa sadaka na wewe. Ni jirani yako. Nenda kwanza ukamwombe yeye kitu." Nikauliza, "Nimwombe nini, naye hana?" Akajibu, "Ana usichonacho. Kamwombe akufundishe kulima maharagwe."

Nikaenda mikono mitupu. Nikamwambia, "Bibi, mimi ni mtu wa minazi, kilimo cha huku sikijui. Naomba unifundishe, na kama una mbegu kidogo uniazime." Nikauona uso wake unavyofunguka. Akaingia ndani, akatoka na jembe lake na kitambaa chenye mbegu za maharagwe alizozificha zisiliwe hata katika njaa ile. Akanipa nusu. Mtu mwenye njaa alinipa nusu ya mbegu yake, kwa kuwa nilimwomba.

Ndipo akanionyesha kilimo cha Wafipa, ambacho wao hukiita ntumba. Mvua zinapokaribia kumalizika, kama Februari na Machi, hulichimbua jani pamoja na udongo wake, wakalikusanya katika matuta ya mviringo, jani ndani na udongo juu. Kila tuta upana wake yapata mita moja, na urefu wake hufika magotini. Lile jani huoza ndani likawa mbolea. Juu ya tuta hupandwa maharagwe, ama maboga, katika mwaka ule ule. Mvua za pili zikija Novemba, matuta huvunjwa, ule udongo ulionona ukatandazwa, hapo tena wakapanda mahindi au ulezi. Ni elimu ya zamani sana, na ndiyo iliyowalisha watu wa uwanda ule kabla ya kujulikana mbolea ya dukani. Ukitazama kutoka mlimani utaona nchi nzima imejaa matuta, kama vikombe vilivyofunikwa.

Jioni ya siku ile ya kwanza ya kulima, mke wangu akampelekea kabichi na viazi, naye akavipokea kwa mikono miwili. Bakuli likarudi na mayai matatu. Nasi tukalirudisha na chumvi. Basi likaanza kwenda na kurudi.

Yule bibi alikuwa na jirani zake, nao wana jirani zao. Mmoja ana ng'ombe, maziwa yamemzidi. Mwingine ana nduguye katika ziwa Rukwa, anamletea samaki wakavu. Mwingine hana shamba lakini ni fundi wa milango. Mke wangu akaanza kupanda mchicha na bamia za pwani karibu na kisima, zikapendwa na kuchukiwa, maana watu wa huku waliona utelezi wa bamia ni wa ajabu. Hatukuunda chama, hatukuandika daftari, wala hatukuchagua mwenyekiti. Kilichozidi kwa mtu kilitafuta mlango. Siku ya Idi tulipeleka pilau nyumba zote za mtaa, na walioizoea wakawa wanatukumbusha siku zinapokaribia.

Sasa nikueleze faida yake. Mwezi Oktoba 1990 nilipata habari kuwa mama yangu mzazi ni mgonjwa sana huko Pangani. Nikaondoka siku ya pili yake, nikamwacha mke wangu na watoto wawili, na mwanzo wa kilimo umekaribia. Nilimkuta mama yu hai, Alhamdulillahi, nikamwuguza. Mwezi uliofuata akafariki. Tukamzika, tukakaa matanga, na njia ya kurudi ikawa ndefu kwa mvua na kwa upungufu wa nauli. Nilifika Sumbawanga katika Desemba. Njia nzima nilikuwa nikiwaza: msimu umenipita, sikulima, mwaka huu watoto watakula nini?

Nikashuka, nikapita nyuma ya nyumba kama kawaida yangu. Nikasimama. Ntumba zote za shamba langu zilikuwa zimevunjwa na kutandazwa, na mahindi yameota, mistari imenyoka, yamefika kifundoni, yamepaliliwa. Nikamwuliza mke wangu ni nani aliyelima. Akasema, "Hata sijui nikutajie nani. Bibi alipita nyumba kwa nyumba. Asubuhi moja walikuja, kabla jua halijawa kali walikuwa wamemaliza." Ndani nikakuta debe za mahindi, na maharagwe, na kuni zimepangwa. Mke wangu hakuweza kusema hiki kimetoka kwa nani na kile kimetoka kwa nani. Vilikuwa vimechanganyika.

Jioni ile nilikwenda kwa bibi. Akanipa pole ya mama yangu, akalia kama aliyemjua. Baadaye nikaona sina budi. Nikamwambia, "Bibi, siku ya kwanza uliponiletea zawadi, nami nikatia fedha katika bakuli lako, nilikukosea. Naomba unisamehe." Akanitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, ile fedha si iliangukia tu?"

Hakukubali kuiacha sitara yake hata baada ya miaka miwili na nusu. Alifariki zamani sasa. Nilihudhuria msiba wake na nikakaa na watoto wake kama mmoja wao.

Ama baada ya kisa hiki, ndugu msomaji, natutazame dini yetu imesemaje, ili usidhani kuwa nakupa desturi za Wafipa tu. Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kumwabudu Yeye peke yake, na papo hapo ametuamrisha wema kwa wazazi, jamaa, mayatima na maskini, kisha akataja jirani wa karibu na jirani wa mbali. Mtume wetu (S.A.W.) alimwusia sahaba wake Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi aongeze maji, apate kuwagawia majirani. Wala hakumwambia aongeze nyama. Aliwausia wanawake wasidharau zawadi baina ya majirani hata ikiwa ni ukwato wa mbuzi. Bibi Aisha alipouliza aanze na jirani yupi, aliambiwa aanze na yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Na Abdullahi bin Amri, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, la kwanza alilouliza ni kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa. Basi ni nani aliyetwambia sisi kuwa haki ya ujirani ni ya Waislamu peke yao?

Pengine mtu atasema, "Mimi natoa zaka, yatosha." Ni kweli, zaka ya mazao ni faradhi: nafaka ikifika wasaq tano, ambazo wanavyuoni wengi wamezikadiria kuwa yapata kilo 650, hutolewa sehemu moja katika kumi ikiwa imenyweshwa na mvua, na nusu yake ikiwa umeinywesha kwa taabu na gharama. Lakini wewe uliyesoma madhehebu yetu unajua kuwa mboga na matunda kama maembe hayana zaka. Mimi nalijua hilo nilipokuwa nikitupa kabichi zangu. Sikuwa na dhambi ya zaka hata chembe. Na bado mtoto alichutama penye jaa langu. Basi jua kwamba mahali zaka inapoishia, haki ya jirani ingali inaendelea.

Kumbuka pia wale watu wa bustani waliotajwa katika Suratul Qalam, walioapa watavuna alfajiri mapema ili maskini yeyote asiwaingilie. Walipofika wakakuta bustani imeteketea. Mali iliyofungiwa kwa hofu ya macho ya watu haina baraka. Huku Ufipa tumeliona hilo kwa njia nyingine: mwaka 2017, uuzaji wa mahindi nje ya nchi ulipozuiwa, bei yake ilianguka, na wengi walikaa na magunia yaliyojaa na mifuko mitupu. Sokoni gunia lilikuwa halina thamani. Lakini debe moja katika mlango wa mjane lilikuwa na thamani ile ile ya siku zote.

Sasa nakuusia mambo machache. Kwanza, utoe kilicho kizuri. Usingoje mpaka embe lipasuke ndipo useme hili tumpelekee jirani. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara kukusudia kibaya tukakitoa, ilhali sisi wenyewe tusingalikipokea ila kwa kufumba macho. Pili, usisimange. Masimango huibatilisha sadaka, kama tulivyoambiwa katika sura hiyo hiyo. Tatu, ukipewa, pokea kwa furaha, usilipe papo hapo kama unayekimbia deni. Bakuli lirudi na kitu, lakini liache lipumzike siku mbili. Nne, na hili ndilo nililolinunua kwa bei ghali: jifunze kuomba. Azima kinu, omba mche, uliza namna ya kupanda. Anayetoa tu bila kuomba huwafanya wenzake kuwa maskini wake, na ujirani wa namna hiyo haudumu.

Wewe uliye Tanga, Mombasa, Lamu, Unguja au Bagamoyo, huna ntumba wala hujui baridi ya Sumbawanga. Lakini una mwembe uani, na msimu ukifika unazoa maembe yaliyooza kwa koleo. Una mndimu, mpapai, mshelisheli, na mgomba mmoja wenye mkungu ambao watu wa nyumba yako hawawezi kuumaliza. Zamani watoto wetu walikuwa wakitumwa jioni na sahani zilizofunikwa kawa, mlango huu na ule. Sasa tumejenga kuta ndefu, tumetia vipande vya chupa juu yake, na aliye upande wa pili hatujui kama amepika. Kila nikija likizo naziona kuta hizo, nami hukumbuka ule ukuta wangu mmoja na yaliyokuwa upande wake wa pili.

Basi jioni ya leo, kabla ya Magharibi, tazama nyumbani kwako kuna nini kilichozidi. Kichague kizuri, kitie katika bakuli, umtume mtoto kwenye mlango ulio karibu zaidi. Na kama wewe ndiwe usiye na kitu, nenda ukaombe chumvi.

Mwenyezi Mungu atutakasie nyoyo zetu na kibri, atujaalie tuwe majirani wema, awarehemu wazee wetu waliotangulia, na atubarikie mashamba yetu na mikono inayoyalima. Amin.